Msiung'oe Mbaazi wa Mlangoni

Julai mwaka jana, asubuhi ya baridi na ukungu, nilikuta mibaazi mitatu imetupwa kando ya njia inayoingia mtaani kwetu kutoka Barabara ya Mombasa, hapa Salama. Ilikuwa imeng'olewa na mizizi. Maua ya manjano yenye michirizi myekundu yalikuwa hayajanyauka. Maganda ya juu yalikuwa yamejaa, mabichi, ya kumenywa na kutiwa chunguni jioni ile ile. Ya chini yalikuwa yameshakauka tawini. Kijana wa kibarua aliyekuwa akisawazisha uwanja aliniamkia kwa heshima, kisha akaniambia, "Mama, mwenye boma amesema vichaka vyote vitoke. Hapa yanapandwa maua."

Maua hayo yalikuwa lupini. Jirani yangu ni mtu mwema, na mbegu alizinunua kwa pesa zake Nairobi, katika pakiti yenye picha ya vishada virefu vya zambarau na waridi. Zilimea. Katika baridi ya Agosti zilitoa majani mazuri, yamechanua kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Septemba jua lilipokaza, majani yakaanza kuwa manjano kutoka pembeni, na kabla mvua ya vuli haijafika uwanja ulikuwa mtupu. Simlaumu yeye peke yake. Alitenda kama wengi wetu tunavyofikiri, na fikira hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga.

Tunafikiri hivi: mbaazi ni mmea wa shamba la mbali na chakula cha dhiki. Mtu akishapiga hatua, akanunua ploti ya hamsini kwa mia, akajenga nyumba ya mawe na kuweka geti, nzuu, kama Wakamba tunavyoziita mbaazi, hazina tena nafasi uani. Uani pawe na nyasi, maua na saruji. Na pembe ikibaki, ipandwe mahindi, kwa kuwa mahindi ndiyo chakula. Nimeyasikia maneno haya harusini, matangani na kwenye vikao vya chama. Tangu mji wa Konza uzinduliwe pale Malili Januari 2013, na mashamba ya kandokando ya barabara kuanza kukatwa viwanja, yamezidi kushika kasi. Nasema si kweli, na yanatugharimu. Mahali panapoustahili mbaazi kuliko pote ni uani, karibu na jiko. Nitazichukua hoja za wanaoukataa moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni kwamba mbaazi ni chakula cha maskini. Hebu tuulizane: heshima hii ya mahindi ilitoka wapi? Kabla mahindi hayajatawala Ukambani, ghala la Mkamba lilikuwa na mtama, mawele, kunde na mbaazi. Mahindi yalikuja baadaye, yakapendwa kwa sababu hukobolewa haraka, huuzika, na ndege hawayashambulii kama mtama. Sawa, yana faida zake. Lakini kumbukeni pia mwolyo, yaani chakula cha msaada. Katika njaa ya mwaka 1961, na tena ile ya mwaka 1984, chakula hicho kilifika Ukambani kwa magunia ya mahindi ya manjano, watu wakapanga foleni. Basi tumefika mahali pa ajabu: chakula tulichoomba ndicho cha heshima, na chakula tulichopanda wenyewe ndicho cha aibu.

Na hayo mahindi yametufanyia nini tulipoyategemea peke yake? Mwaka 2004, hapa Makueni na ng'ambo ile Kitui, watu walikula mahindi yaliyovunwa nyumbani na kuwekwa yakiwa na unyevu, yakaota ukungu wenye sumukuvu. Waliougua walihesabiwa 317. Waliokufa ni 125. Wapo kati yetu waliozika ndugu mwaka ule, na sitaji idadi hiyo kwa wepesi. Naitaja kwa kuwa fundisho lake tumelipokea nusu. Tulielezwa tukaushe mahindi vizuri na kuyaweka juu ya mbao, ushauri mwema kabisa. Lakini hatukujiuliza kwa nini nyumba nzima, watoto na wazee, iwe inakula kutoka gunia la aina moja, msimu hadi msimu, kiasi kwamba gunia hilo likiharibika hakuna chungu cha pili. Nyumba yenye mibaazi uani ina chungu cha pili.

Kwa lishe pia hoja hiyo haisimami. Mbaazi kavu ina protini takriban sehemu moja kwa tano ya uzito wake. Mahindi hayafiki sehemu moja kwa kumi, tena protini yake ina upungufu wa laisini, kiini ambacho mikunde inacho kwa wingi. Ndiyo maana isyo, mchanganyiko wa mahindi na nzuu uliochemshwa pamoja, hushibisha kwa namna ambayo ugali na sukuma wiki haushibishi. Bibi zetu waliozichanganya hawakuwa na maabara. Walikuwa na watoto, na waliwaona wanavyonawiri. Leo tunamwaga nzuu, tunamwachia mtoto ugali, kisha tunakwenda dukani kumnunulia uji wa pakiti uliochanganywa mikunde.

Hoja ya pili ni ya uzuri. Naambiwa mbaazi ni kichaka, lupini ni ua. Nami sina neno baya juu ya lupini. Ni mkunde, ndugu wa damu wa mbaazi. Ua moja la lupini ukiliweka kiganjani pamoja na ua moja la mbaazi, utaona umbo ni lile lile, kama kipepeo aliyetua na kukunja mbawa. Anayependa moja hana sababu ya kulichukia la pili.

Tena lupini ina historia inayotuunga mkono. Katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, watu wanakula tarwi, mbegu ya lupini yenye uchungu, ambayo huchemshwa na kulowekwa siku kadhaa maji yakibadilishwa hadi uchungu utoke. Misri huuzwa barabarani kwa jina la termisi. Ethiopia huitwa gibto. Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1920, Reinhold von Sengbusch alichambua mimea kwa maelfu hadi akapata michache isiyo na uchungu. Australia ya Magharibi, kuanzia miaka ya 1960, John Gladstones aliigeuza lupini kuwa zao la mashamba yenye mchanga duni. Hata nyanda za juu za Afrika Mashariki zina lupini yake ya porini, Lupinus princei. Watu wote hao waliuheshimu mkunde unaolingana na udongo na hali ya hewa ya kwao, wakauleta karibu na meza. Tukitaka kuwaiga, tuuige moyo huo. Kuchukua ua lao na kutupa mkunde wetu ni kinyume cha walichofanya.

Kwa maana lupini za bustani hupenda ubaridi na udongo usio na chokaa. Salama si Limuru yenye baridi. Na liko jambo jingine ambalo pakiti haikulisema. Mikunde hujipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi, na lupini ina bakteria wake maalumu, ambao kwa kawaida hawamo katika udongo usiowahi kupandwa lupini. Mbaazi hauna uteuzi huo. Hupatana na bakteria wale wale wanaoishi na kunde, na hao wamejaa katika udongo wetu. Mnamo Januari, unyevu ukiwa bado ardhini, chimbua taratibu mche mmoja wa mbaazi, ukung'ute udongo, utafute kinundu kwenye mzizi mwembamba na kukipasua kwa ukucha. Ndani ni chekundu kama nyama. Wekundu huo ndio alama ya kwamba kazi inaendelea, mbolea inatengenezwa bila kwenda agroveti.

Mzizi wake hauishii hapo. Unakwenda chini, mita mbili na zaidi udongo ukiruhusu, ukitafuta maji ambayo mahindi hayawezi kuyafikia. Na katika udongo mwekundu kama wetu, ambamo fosforasi imeshikwa na chuma, mbaazi una uwezo wa pekee: mizizi yake hutoa asidi zinazoibandua fosforasi hiyo. Watafiti wa Kijapani na wenzao waliofanya kazi katika kituo cha utafiti wa mazao cha ICRISAT, India, walilieleza jambo hili mwaka 1990. Majani yanapopukutika huirudisha fosforasi hiyo juu, pamoja na naitrojeni, kwa faida ya kitakachopandwa baadaye. Yule tunayemwita kichaka anaulisha uwanja mzima.

Hoja ya tatu ni ya muda, nayo naiheshimu zaidi. Mbaazi wa asili hupandwa na mvua ya Oktoba au Novemba, ukavunwa Julai hadi Septemba. Miezi tisa si mchezo. Mtu mwenye kiwanja kidogo ana haki ya kuuliza kwa nini akae na mmea mmoja muda wote huo wakati mahindi ya Katumani yangemtoka kwa miezi mitatu na kitu.

Jibu ni kwamba mbaazi haukai peke yake. Miezi miwili ya kwanza hukua polepole, hauna kivuli cha kumsumbua mtu. Katikati yake panda kunde au mahindi. Yatavunwa Februari, kisha mbaazi ubaki na jua lake na unyevu wa chini. Na angalia unapoiva: Julai, Agosti, Septemba, miezi ambayo mahindi ya Februari yamekwisha na ya masika, kwa huku kwetu, mara nyingi hayakupatikana. Vuli ndiyo mvua tunayoiamini zaidi, nayo ikitunyima, kama ilivyotunyima mwaka 2020, 2021 na 2022, basi heri kuwa na mmea wenye mzizi mrefu kuliko ule unaotaka mvua kila wiki.

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hiyo hutumiwa kumkejeli mvivu, lakini mbaazi wenyewe umeonewa. Aina za muda mrefu huchelewa kweli kutoa maua mahali penye joto kali. Hutaka usiku wa baridi kidogo. Watafiti wameliona hilo kwa kulinganisha nyanda za juu na sehemu za joto kama Kiboko. Kwa hiyo anayepanda Kibwezi au Kitui ya chini mbegu aliyoitoa Mbooni, kisha akalaumu mmea, kosa ni la uchaguzi wa mbegu. Aina zipo. Mbaazi 2 ni ya muda mrefu, na inafaa penye ubaridi. KAT 60/8, iliyotoka kituo cha utafiti cha Katumani, ni ya muda wa kati: huiva kwa miezi mitano au sita, na ukiikata vizuri huchipua tena na kukupa mavuno ya pili. Mbaazi 1 ni fupi na ya haraka. Mtu wa Salama, aliye kati ya vilima na nyika, anaweza kupanda mbili kati ya hizo na asikose kitu jikoni kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ila azitenganishe mbali kidogo, kwa kuwa nyuki huchanganya chavua na mbegu hupoteza asili yake.

Hoja ya nne ni ya soko. Wanasema: tulipanda mbaazi, bei ikaanguka. Ni kweli ilianguka. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa dunia, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kwake kwa mwaka, na wakulima wa Tanzania, Msumbiji, Malawi na Kenya wakabaki na magunia. Mwaka 2021 ikafungua tena. Mtu aliyeweka shamba lake lote mikononi mwa uamuzi wa New Delhi ana haki ya kulia. Lakini mibaazi 20 kandokando ya ua wa nyumba haikupandwa kwa ajili ya India. Imepandwa kwa ajili ya chungu kilicho hatua kumi kutoka hapo, na hakuna serikali inayoweza kukiwekea kikomo. Kinachozidi kitauzwa kikiwa kibichi, kimemenywa, sokoni au kwa wasafiri wa barabara hii. Na mbichi hazimsubiri dalali.

Tena pesa zenyewe si kinga ya njaa. Wazee wa Ukambani waliipa njaa ya mwaka 1984 jina Nikw'a ngwete: nakufa nikiwa nimeshika. Walikuwa wameshika pesa mkononi, na dukani hapakuwa na cha kununua. Watu waliolitunga jina hilo wangeshangaa kutuona tukilipia nyasi na saruji pale ambapo chakula kingeota chenyewe.

Ya mwisho ni nyoka na wadudu. Hapa sitajifanya kwamba hakuna tatizo. Kichaka kilichoachwa bila kukatwa, chenye majani makavu chini yake, huweza kuficha nyoka, na mama mwenye mtoto anayetambaa hawezi kupuuza hilo. Basi usipande dirishani. Panda kwenye ua, hatua ya mtu mzima kati ya mmea na mmea, ondoa matawi ya chini, fagia chini yake kama unavyofagia uwanja. Baada ya mavuno kata. Vijiti vyake ni kuni nzuri, vinawaka haraka na kuokoa makaa. Na tukizungumzia hatari kwa watoto, tukumbuke kwamba mbegu za lupini za bustani zina sumu, na maganda yake yanafanana na ya njegere. Mbegu ya mbaazi mtoto akiila hapati dhara.

Viwavi watayatoboa maganda, na kunguni watayafyonza. Shamba la ekari tano likivamiwa linataka dawa, lakini mibaazi 20 unaipitia kwa mkono asubuhi kabla ya chai. Ugonjwa wa kunyauka ni mkali zaidi. Ukiona mmea umenyauka huku jirani yake ni mzima, pasua shina: ukikuta mstari mweusi au wa kahawia ndani, ng'oa, choma, wala usirudishe mbaazi katika shimo lile. Mbaazi 2 inaustahimili ugonjwa huo kuliko mbegu nyingi za kienyeji. Haya ni mambo ya kuangaliwa kwa jicho la kila siku, na ndiyo sababu nasema mbaazi una nafasi yake mlangoni. Shamba la mbali hulioni ila Jumamosi.

Nimesema na hoja. Sasa niseme na watu. Mwenye agroveti, ukipanga pakiti za maua mbele ya duka, panga na mbegu za mbaazi zilizothibitishwa, na uzieleze aina zake. Mwalimu, bustani ya shule yenye mistari miwili ya mibaazi ni somo la sayansi na ni chakula cha mchana. Afisa wa kilimo, ukitutembelea usiulize ekari tu. Uliza kilichopo uani. Nanyi vijana mnaojenga, wekeni maua, yapendeni. Lakini kabla hamjamwambia kibarua aondoe kichaka, tokeni nje mkakiangalie kwa macho yenu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Asubuhi ile ya Julai niliomba ruhusa, nikaibeba mibaazi mitatu begani hadi nyumbani. Mabichi tuliyamenya na kuyala jioni. Makavu ya chini niliyapukuchua, nikazichagua mbegu moja moja, nikazitia majivu na kuzifunga chupani. Mvua ya kwanza ya vuli ilipolowesha udongo hadi kiganja kimoja kwenda chini, nilizipanda kwenye ua wangu upande wa njia, si nyuma ya nyumba. Nilitaka kila apitaye aione mibaazi hiyo. Kufikia Krismasi ilikuwa magotini, na jirani yangu amepita hapo mara nyingi. Hatujazungumza juu yake. Lakini nusu ya chupa ile bado ninayo, na nimeiweka kwa ajili ya uwanja wake.